Taa za Sufuria katika Nyumba ya Eda

Nyumba ya mwanamke aliye edani haifukizwi udi. Ndiyo maana nikiyakumbuka masika yale niliyokaa Kiponda kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, pua yangu huniletea harufu za nyumba yenyewe, zile ambazo siku nyingine hufunikwa na udi na asumini: chokaa iliyolowa, ukungu wa kwenye boriti, mashuka yasiyokauka wiki nzima, na vumbi linaloungua juu ya globu ya umeme. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mume wa shangazi, aliyekuwa mpiga picha, alifariki mvua zilipoanza kunyesha, na dini yetu ikamtaka mjane wake akae ndani miezi minne na siku kumi, asitoke ila kwa dharura, asijipambe, asijitie manukato. Mtoto hawakujaaliwa. Baba akasema haifai dada yake alale peke yake ghorofani, na mimi ndiye mtoto wa kike mkubwa wa nyumba yetu. Nguo zangu zikatiwa katika mfuko wa rambo, nikatolewa Bububu kwenye uwanja wetu wa michanga, nikapelekwa mjini kukaa eda isiyokuwa yangu.

Skuli nilikwenda, lakini kengele ya mwisho ikilia nilitakiwa nirudi moja kwa moja. Wenzangu walikuwa wakicheza nage, nami nikiwasikia mpaka ninapokata kona. Nikishafika nilipanda ngazi thelathini na mbili, ndefu na za giza, nikausukuma mlango na kuingia katika ukimya. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi ambacho ungeweza kumpa mtu chumvi kwa mkono. Jua liliingia asubuhi, likagusa zulia kwa muda wa kukoroga uji, kisha likaondoka. Mimi nilikuwa skuli wakati huo, kwa hiyo kwa miezi ile mwanga wa chumba kile niliujua kwa kusimuliwa tu, isipokuwa siku za mapumziko. Mchana mvua ilipiga juu ya mabati, maji yakashuka kwenye mfereji wa ukutani, na shangazi, katika nguo zake nyeupe zisizo na ua hata moja, alikaa akiitazama kamera ya marehemu mumewe.

Duka la picha la marehemu, kule Darajani, lilikuwa la kupanga, na mwenye duka alishamweka mtu mwingine. Taa kubwa zilizokuwamo zilikuwa za mshirika wake, naye alikuja kuzichukua siku ya tatu. Iliyobaki ni kamera, kwa sababu marehemu alikuwa na desturi ya kurudi nayo nyumbani ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mume, na dada yake, Bi Zuwena, alishamfahamisha shangazi, kwa maneno ya adabu, kwamba eda ikimalizika kila mtu atarudi kwao. Siku moja shangazi aliniambia, huku akinimiminia chai, "Nikitoka eda nnatoka na humu nyumbani. Nnataka nitoke na kazi mkononi." Mwanzoni sikumwelewa. Nilielewa siku aliponituma nikamletee ndoo ya rangi tupu, mchanga wa kuijaza, na fimbo ya ufagio.

Alitoboa kitako cha sufuria kuukuu kwa msumari na nyundo, akapitisha kishikio cha globu, akaifunga sufuria juu ya fimbo, na fimbo akaisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Hiyo ikawa taa. Ya pili aliitengeneza vivyo hivyo kwa sufuria ya maziwa. Kisha akanikalisha kwenye kiti, akasema, "Kaa. Usitikisike." Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko jina langu. Alikuwa amemwona mumewe akifanya kazi kwa miaka, lakini mkono wake haukuwahi kushika chochote, na sasa ilimbidi ajifunze juu ya uso wangu. Picha za kwanza zilinionyesha nina masharubu, kumbe ni kivuli cha pua. Alipoishusha taa nikawa kama jini. Alipotia globu ya manjano upande mmoja na nyeupe upande wa pili, nikatoka kama embe lililoiva nusu. Aliitazama picha, akasogeza ndoo hatua moja, akapiga tena. Jasho lilinitiririka mgongoni, globu zikinichoma shavu, na nje nikasikia watoto wa mtaani wakikimbilia mvua kwa vigelegele.

Nikiwa mkweli, alikuwa hodari. Alilitundika shuka jeupe jembamba kwenye kamba mbele ya taa, na mwanga uliokuwa ukichoma ukawa laini kama maziwa. Alinituma sokoni Darajani kuomba kifuniko cha boksi la samaki, lile jeupe jepesi, akakiosha kwa ndimu mara tatu, na bado kikanuka samaki changu. Akakiweka upande wa pili wa uso wangu ili kiurudishe mwanga penye kivuli. Nyuma yangu alitundika buibui lake, ambalo kwa wakati ule hakuwa na pa kwenda nalo. Wanawake waliokuja kumpa pole walitukuta hivyo. Mmoja akasema, "Na mie nipige, Bi Mwanaidi. Huko madukani wanapiga wanaume, kichwa sikifunui." Akaja wa pili, akaja na dada yake. Wakavua mabuibui yao, wakasuka nywele, wakacheka kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba, nami nikakalishwa kwanza kila mara ili shangazi aipime taa.

Hapo ndipo chuki yangu ilipokomaa. Nilihesabu siku kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, na zilikuwa hazipungui. Kila Ijumaa baada ya sala Bi Zuwena alikuja na sahani ya chakula iliyofunikwa kwa kitambaa. Ijumaa moja, mwezi wa pili wa eda, nilikutana naye kwenye ngazi, akaniuliza, "Wifi yangu yukoje? Anapumzika?" Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Hapumziki. Anapiga picha wanawake kila siku, kwa kamera ya marehemu. Na mimi nimechoka, nnataka kwetu." Nilijua ninachokifanya. Nilitaka mtu mzima akasirike vya kutosha hata nyumba ile ifunguke nitoke.

Alikasirika. Aliingia, akaziona sufuria, shuka na buibui ukutani, akaweka sahani chini. "Wifi," akasema, "ndugu yangu hata hajakauka kaburini, na weye ushafungua duka?"

"Nimo ndani, wifi," shangazi akamjibu. "Sijatoka hata mlangoni."

"Mali ya marehemu haijagaiwa. Kwa idhini ya nani unaitumia?"

Shangazi hakubishana. Alikwenda chumbani, akarudi na ule mfuko wa ngozi, kadi ya picha zetu ameshaichomoa, akaukabidhi kwa mikono miwili. "Chukua. Ila kioo chake kisiguswe kwa kidole, mwenyewe alikuwa hapendi." Bi Zuwena aliupokea, na kabla hajafika mlangoni nilimwona akiusogeza mkanda wa mfuko puani, akaunusa, akalia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye alifiwa. Aliondoka akilia hivyo hivyo, na jioni akampigia simu baba yangu kumwambia aje kumchukua mtoto wake.

Baba alifika Jumapili. Kwa siku mbili zile shangazi hakuniuliza kitu. Alipika, alisali, alisoma Kurani, na taa zilisimama pembeni kama watu walioalikwa wakasahauliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nililala katika chumba kimoja na mtu niliyemla. Baba akaubeba mfuko wangu, tukashuka ngazi. Nilipofika chini na kuiona njia, mvua imekatika na watu wanapita, nikasimama. Nikamwambia baba kila kitu. Akauweka mfuko kwenye ngazi. "Basi panda ukamwambie mwenyewe. Mimi nakusubiri hapa."

Nilimkuta anakunja lile shuka. "Shangazi, mimi ndiye niliyesema."

"Nnajua," akasema, bila ya kuacha kukunja. "Hapana mwengine aliyekuwa na hamu ya kutoka kama yako." Akakaa kitandani, akanivuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kifungo changu mimi ni ibada, kina siku zake na kina thawabu zake. Chako wewe tumekutia mimi na baba yako, wala hatukukuuliza. Nenda zako ukacheze. Sina kinyongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, na kofi lingenirahisishia. Baada ya maneno yale sikuweza kushuka tena. Nisijipambe kwa wema nisiokuwa nao: nilibaki kwa aibu, na wiki nyingi zilizofuata niliendelea kuichukia nyumba ile, giza lake na ngazi zake. Baba alisubiri, akapanda, akanitazama, akaniachia mfuko akaenda zake.

Kesho yake alikuja Bi Hansa, bibi wa Kihindi aliyekuwa akishona nguo nyumba ya pili, ambaye watoto wake wote walihamia ng'ambo. Alishaagana na shangazi kwamba siku hiyo atapigwa picha, naye alikuja kamili: sari ya kijani, bangili za dhahabu, alama nyekundu katikati ya paji. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Hansa." Akaitikia, "Marahaba, binti," akaketi kitini. Shangazi akamweleza kwamba kamera haipo. Bi Hansa akafungua mkoba wake, akatoa simu mpya bado ina karatasi ya kiwandani juu ya kioo. "Mwanangu kaniletea hii. Mimi hata kuizima sijui. Hii haina kamera?" Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kazi ile ilichukua mchana mzima. Bi Hansa alivaa miwani, na ndani ya kila kioo cha miwani ilionekana sufuria inayowaka. Shangazi akainyanyua taa, sufuria zikabaki. Akamwinamisha kidogo bibi wa watu, sufuria zikahamia pembeni. Umeme ukakatika, tukangoja, ukarudi. Mwisho nilipanda juu ya stuli nikiwa nimeishika taa kwa mikono yote miwili karibu na dari, mpaka shangazi akasema "Hapo hapo." Bi Hansa alipopewa simu yake aliikaribisha machoni. Kisha akasema, "Huyu ndiye mimi. Nlikuwa nshamsahau." Simu akaiacha kwetu, na juma lililofuata akaja na jirani zake wawili.

Eda ilimalizika katikati ya kipupwe. Shangazi alikoga, akavaa kanga mpya, akafukiza nyumba nzima, na wiki ile ile akahamia kwetu Bububu, kama alivyojua tangu mwanzo kwamba atahama. Kamera iligaiwa pamoja na vitu vingine, ikaangukia kwa mtoto wa Bi Zuwena, na sijui mwisho wake. Kwa zaidi ya mwaka shangazi alipiga picha kwa simu ya Bi Hansa katika chumba cha uani, wanawake wa mjini wakimfuata huko huko, mpaka akanunua kamera yake. Bi Zuwena hakuja kupigwa hata mara moja. Walikutana misibani na harusini, wakapeana mikono, wakaulizana hali. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa mimi nna mtoto wa umri ule ule. Tunakaa katika nyumba ya madirisha makubwa, na ana taa yake ya duara ya kuchomeka kwenye simu, anajipiga picha mia moja kabla ya kwenda skuli na kuzifuta zote. Akitaka kutoka hutoka. Shangazi bado yuko Bububu, macho yameingia mtoto wa jicho, kazi kaiacha. Mwezi uliopita nilimpelekea picha zangu za masika yale, zile alizojifunzia, nikamsomea moja moja kwa maneno kwa sababu hazioni vizuri: hapa nimenuna, hapa nimenuna zaidi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ndipo nilipogundua jambo ambalo halikuwahi kunipitia akilini. Katika picha zote zile, na ni nyingi, hamna hata moja yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nimpige, na mimi nilikuwa nimekaa pale kila siku bila ya kazi.

Akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Uso ule nilikuwa naupita tu, mwanangu," akasema. "Ungeupiga, ungebaki."

Lakini kwangu ulibaki. Nnauona, mweupe kwa mwanga wa shuka, macho mekundu, midomo ikinihesabia moja, mbili, tatu, na sina mahali pa kuutoa nikamwonyesha mtu.