Nyama Isiyotuliwa na Nzi

Juzi mchana nilisimama buchani hapa Nyakato, Musoma, jua kali, paja zima la ng'ombe linaning'inia dirishani, na hakuna nzi hata mmoja. Muuza nyama akatabasamu. "Dada, hii safi. Tangu juzi iko hapa, nzi hawatui." Alidhani anaisifia. Nikaondoka, nikaenda kupika dagaa.

Usinione mtu wa madeko, ndugu yangu. Nimelelewa Butiama na bibi, na kazi yangu siku ya kuchinja ilikuwa kufukuza nzi kwa tawi. Majirani walikuwa wakiungana kununua ng'ombe mmoja. Anachinjwa asubuhi juu ya majani ya mgomba, kila nyumba inapata fungu lake, na kabla jua halijazama nyama yote imekwisha, imebaki harufu ya utumbo unaochemka na sisi watoto midomo inang'aa mafuta. Bibi hakuonja kitu kabla hajauliza, "Ng'ombe wa nani huyu?" Anajibiwa: wa mwalimu, yule mwekundu aliyevunjika pembe. Hapo ndipo anakula. Nilikuwa namcheka. Nilimwona mdaku tu, anayetaka kujua mpaka ukoo wa mchuzi.

Mwaka jana miguu ilimkatalia kabisa, nikamleta kwangu mjini Musoma. Chakula kilimshinda, akawa mtu wa uji tu. Siku moja akasema anatamani supu, ila ya ng'ombe anayemjua. Nikampigia simu mjomba, ambaye ndiye aliyebaki na zizi pale nyumbani. "Mwanangu," akaniambia, "ng'ombe hachinjwagi kwa ajili ya bakuli moja. Si bucha zimejaa huko?" Na wa kuungana naye hayupo siku hizi, kila mtu anakimbilia nusu kilo yake.

Basi nikanunua buchani. Nilichemsha asubuhi nzima, na bado nyama ilibaki na wekundu ambao sikuuelewa. Watu wanasema zinapakwa dawa, wengine wanasema ni dawa ileile ya kuhifadhia maiti mochwari, ndiyo maana nzi hawatui. Ushahidi sina. Nilichokuwa nacho ni bibi mwenye njaa ameketi kitandani, ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa mjomba, bibi."

Akanywa yote. Akasema, "Mwambie mjomba wako Mungu amzidishie." Kesho yake akaanza kutapika. Daktari alisema ni uzee, tumbo limechoka, na huenda ni kweli. Mimi sitajua kamwe, na hilo ndilo linalonitesa. Siku zote alizougua aliendelea kumwombea mjomba, kwa ajili ya ng'ombe ambaye wakati huo alikuwa anakula majani Butiama, mzima kabisa. Nilimwacha aombe. Akafariki kabla ya Jumapili.

Tukamrudisha nyumbani kumzika. Mjomba alilia kama mtoto, kisha akatoa ng'ombe wawili kwa siku moja, wanene, ili watu wa msiba wale washibe. Vijana walichinja juu ya majani ya mgomba. Nzi walijaa. Nikaletewa sahani, na nilitaka kuikataa, nakwambia ukweli. Lakini nyama ilikuwa tamu vilevile kama ya zamani, ladha ambayo sikuwa nimeionja tangu utoto wangu. Mungu anisamehe, niliimaliza yote.