Nilimwaga Dawa ya Choo Kwenye Gesi ya Mkwe Wangu

Ndugu msomaji, kosa ni langu, tena langu peke yangu! Lawama tu ndizo alizozibeba mwenzangu.

Naishi na mwanangu na mkewe, Mama Neema, hapa Ruanda, Mbozi. Mkwe wangu ana mtambo wa gesi nyuma ya zizi. Kila asubuhi anakoroga mavi ya ng'ombe na maganda ya kahawa, anamimina shimoni, gesi inakuja jikoni kwa bomba.

Mimi nikawa namcheka. "Chai ya mavi mnywe wenyewe!" Halafu nakunywa vikombe viwili.

Basi kina mama wa kanisani wakasema watakuja kusali kwetu. Harufu ile, nikaona aibu! Wenyewe walipokwenda shambani, nikamimina chupa nzima ya dawa ya choo mle shimoni. Nikajiona nimefanya usafi, jamani!

Siku ya wageni, wali haujaiva, moto ukafifia, ukazima. Mwanangu akamfokea mkewe mbele za watu: "Umezembea nini tena?"

Mama Neema akainamisha kichwa. Nami nikaguna, eti namsikitikia! Mungu anisamehe.

Fundi alipokuja, akanusa. "Nani kamwaga dawa humu? Vijidudu vinavyotengeneza gesi vimekufa. Tutoe uchafu wote, tuanze upya."

"Labda mbuzi," nikadakia. Mbuzi na chupa, wapi na wapi!

Tukarudi kwenye kuni. Nikapuliza moto, macho mekundu, kikohozi usiseme! Mama Neema akaniletea maji ya kunywa, akasema taratibu, "Mama, dawa ya choo imeisha. Ninunue nyingine, au mbuzi wameridhika?"

Kumbe alijua! Alijua siku zote, akaninyamazia.

Nilicheka, kisha nikalia. Mwanangu aliporudi nikamweleza yote. Akamwomba mkewe msamaha. Hapo ndipo kosa langu liliponichoma!

Jumapili nikawaambia na kina mama, maana walimwona akifokewa. Walishika mbavu kwa kucheka. Sasa wananiita Mama Dawa, hata mchungaji kashalisikia!

Mama wakwe wenzangu, harufu ikiwakera, fungueni dirisha. Na mkiharibu, semeni siku hiyohiyo. Si kila mkwe atawaletea maji kama wangu.