Nilipokuwa Mtu wa Trinidad

Miaka ile nilikuwa nauza nguo katika duka la jumla la mtaa wa Naif, Dubai. Arbab wangu, yaani tajiri mwenye duka, aliniajiri kwa ajili ya Kiswahili: wafanyabiashara wa Kariakoo na Kampala walipoingia, mimi ndiye niliyewapokea. Duka likifungwa, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Chumbani tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na zamu yake, na niliyemkuta kwa kawaida alikuwa amelala.

Siku moja akaingia mwanamke mweusi mwenye kamera begani. Nikamkaribisha kwa Kiswahili. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza kwamba amekulia London na wazazi wake ni wa Trinidad. Alikuwa anatengeneza filamu ndogo, kwa mfuko wake mwenyewe, kuhusu muuguzi wa Trinidad anayeishi Dubai peke yake. Mwigizaji wake alikuwa amenyimwa viza.

"Unaweza kutembea tu?" akaniuliza. "Sauti nitaweka ya mtu mwingine."

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikatembea. Nilipita kwenye vichochoro vya Naif, nikasimama kituo cha basi, nikakaa nje ya duka la dobi huku yeye akinirekodi. Tulipopumzika kwa chai akaniambia, "Trinidad wananiita Mwingereza. London wananiuliza nimetoka wapi. Hapa madereva wa teksi wanadhani mimi Msudani."

"Unawajibu nini?"

"Inategemea nimechoka kiasi gani."

Kisha akanitaka nitazame madirisha ya ghorofani huku nikiwaza nyumbani. Nikajaribu, lakini nikajikuta nawaza sahani niliyoiacha chumbani bila kuiosha.

Miezi kadhaa baadaye alinialika kuitazama filamu kwa rafiki yake, mtaa wa Mirdif, pembezoni mwa jiji. Ilikuwa mchana, mapazia yamefungwa, picha inaangukia ukutani. Wageni walikuwa watu wa Trinidad na visiwa vya jirani, wauguzi na walimu wengi wao. Walikuwa wamepika wali na mbaazi, na harufu ya nazi ilinipiga nikashindwa kusalimia vizuri.

Nikauona uso wangu ukiwa mkubwa kama mlango, na sauti isiyo yangu, yenye lafudhi ya Trinidad, ikisimulia. Mwanamke yule alikuwa mpweke mno, nikamhurumia kabla sijakumbuka kwamba ni mimi. Wala sikuwa nimeigiza. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa anafuta machozi.

Taa zilipowashwa, mzee mmoja akanijia anatabasamu. "Binti, wewe ni wa upande gani wa kwetu?"

"Mimi ni wa Tanga, baba. Tanzania."

Tabasamu likamtoka. "Samahani," akasema. "Nilikuwa nimefurahi."

Hakuondoka, hata hivyo. Aliniongezea wali, akasimama kando yangu, tukala.

Mwenye filamu alirudi London, na sijui kama iliwahi kuonyeshwa kwingine. Nilimpigia mama simu kumweleza.

"Unasema nini humo?" akauliza.

"Sisemi kitu, mama. Natembea tu."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu."

Nikamwambia inshallah. Nilikaa Dubai miaka mingine minne.