Twiga Waliopita Nyuma ya Nyumba Yetu

Mpaka leo, mtu akinyunyizia maji uwanja wa vumbi asubuhi, ile harufu ya udongo uliolowa hunirudisha Iftin, mtaa wetu wa Garissa, mwaka ule wa ukame nilipokuwa darasa la tatu. Maji yetu yaliletwa na mkokoteni wa punda, yakamiminwa kwenye pipa lililoinuliwa juu ya mawe kando ya ua, na hakuna aliyethubutu kuchota bila kumwambia Hooyo. Hivyo ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama.

Asubuhi moja nilitoka kupiga mswaki nikamkuta twiga amepitisha shingo juu ya ua, mdomo ndani ya pipa. Alikunywa taratibu, kwa adabu, kama aliyekaribishwa. Nyuma yake alisimama mwanawe, masikio yakichezacheza. Nilimwita Hooyo kwa kunong'ona. Alikuja, akatazama kwa muda, kisha akasema tu, "Mwache amalize. Kiu haina mwenyewe."

Adeer Siyat, ndugu yake baba tuliyeishi naye, hakufurahi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kulalamika ilikuwa kazi yake ya pili.

"Shemeji, sisi wenyewe tunaoga kwa kikombe," alisema. "Sasa tunanywesha na wanyama wa serikali?"

"Kwani serikali ndiyo iliyowaumba?" Hooyo alimjibu, akiendelea kuchuja maziwa ya ngamia aliyokuwa akiuza sokoni.

Adeer akalifunika pipa kwa bati. Hooyo hakubishana naye. Alichukua karai kuukuu, akaliweka nje ya ua, akawa anamimina humo maji tuliyooshea mchele na yaliyobaki ya kutawadha. Twiga wakarudi. Yule mdogo nilimpa jina la Dheere, yaani mrefu, ingawa mbele ya mama yake alionekana mfupi wa kuchekesha.

Sasa, mbele ya lile karai kulikuwa na kiwanja cha Adeer, alichokizungushia seng'enge akitarajia kujenga. Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, tulisikia kishindo na nyaya zikilia. Dheere alikuwa ameingiza mguu kwenye seng'enge, na kila alipouvuta, miiba ilizidi kumchoma. Mama yake alizunguka akipiga kwato chini. Watu wakajaa. Jirani mmoja alikuwa tayari ameshika kisu.

"Huyo amekwisha," alisema. "Tumchinje kabla hajafa, tugawane nyama."

Hayakuwa maneno ya ukatili. Mbuzi walikuwa wamekufa, na nyumba nyingi zilikuwa hazijapika nyama kwa muda mrefu. Niliona wengine wakitikisa vichwa kukubali. Ndipo Hooyo alipopita katikati yao, akasimama kati ya kisu na seng'enge. Hakupaza sauti.

"Huyu amekuja kwangu kunywa maji. Hachinjwi hapa."

Mara Adeer akatokea na koleo lake la kukatia nyaya. Alisogea akiwa ameinama, jasho likimtiririka, miguu ya mama twiga ikicheza karibu na kichwa chake.

"Mwambieni mama yake mimi ni fundi," alisema, "si mwizi wa watoto."

Hata mwenye kisu alicheka. Waya ulikatika, Dheere akaruka, akaanguka, akainuka. Alichechemea hadi kwa mama yake, na wote wawili wakapotelea vichakani.

Siku iliyofuata, bila kuombwa na mtu, Adeer aliikunja seng'enge yote. Kisha alipasua pipa jingine la chuma katikati, akachomelea miguu, akaliweka mahali pa karai. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewagombeza majirani kwa kumwaga ovyo maji ya mchele. Dheere alirudi na kovu mguuni, nami nikajiona mwenyeji wake.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza Hooyo twiga wale waliijuaje nyumba yetu kati ya nyumba zote za Iftin.

"Nyumba hawakuijua," alisema. "Waliijua njia. Nilipoletwa hapa kama bibi harusi palikuwa vichaka vitupu, na kila jioni niliwaona wakipita kwenda mtoni Tana. Tukajenga. Wenzetu wakajenga. Wao waliendelea kuja, wakatukuta sisi."

Miaka yote nilikuwa nikiwaambia marafiki kwamba utotoni tulitembelewa na twiga. Siku hizi nawasimulia vingine: kwamba wageni tulikuwa sisi, na Hooyo, aliyelijua hilo tangu asubuhi ya kwanza, aliona haya kuwanyima maji.