Magauni Niliyovuliwa

Watu wengi wa umri wangu wanakumbuka kwa furaha siku vitambaa vilipoanza kurudi madukani baada ya vita vile vikubwa. Miaka ya vita nguo ilikuwa adimu. Kwetu Mwankoko wapo waliojifunga magunia, na wapo wazee waliorudia ngozi walizokuwa wameziacha zamani. Kisha malori yakaanza kupanda tena kutoka Manyoni na marobota ya nguo, na watu wakawa wanashuka mjini Singida kununua kama wanaokwenda ngomani. Mimi siku zile sizikumbuki kwa furaha. Tangu wakati ule sipendi duka la nguo, sipendi harufu ya kitambaa kipya, na nguo ninayoipenda ni ile iliyokwisha kuchakaa ikanizoea.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Ufundi aliupata Tabora ujanani, na aliporudi akapata nafasi kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale mjini. Cherehani ilikuwa ya mwenye duka, vitambaa vya mwenye duka. Cha baba kilikuwa mkasi na miguu yake ya kukanyagia. Alishona kaptura, kanzu na magauni, akayatundika kwenye misumari ukutani. Lakini upepo wa kwetu wakati wa kiangazi hauna adabu. Uliyapiga magauni yale ukutani mpaka yakajaa vumbi, na wanawake wakapita bila kuyatazama.

Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi, nimeanza kusoma shule ya misheni. Siku moja mama alinituma nimpelekee baba chakula. Nilimkuta ametungua gauni moja la maua mekundu, analikung'uta kwa hasira. Akanitazama mimi, akalitazama gauni.

"Hebu nenda nyuma ya mlango, vua hiyo kaniki uvae hili."

"Ni langu, baba?"

"Vaa kwanza."

Nilipotoka alinisimamisha kwenye ngazi ya baraza, jua likinipiga usoni. "Simama wima," akasema. "Usikunje mikono." Haukupita muda, mwanamke mmoja aliyekuja na binti yake kuuza samli akasimama mbele yangu. Alinigeuza, akavuta pindo, akanipima bega kwa kiganja kama anayechagua mbuzi mnadani. Mimi hakunisemesha. Alimwuliza baba bei. Nikarudishwa nyuma ya mlango, gauni nikavuliwa likiwa bado na joto la mwili wangu, na mwanamke yule akaondoka nalo kichwani, limefungwa pamoja na kibuyu kitupu cha samli, binti yake akimfuata.

Jioni ile baba alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alimwambia mama, "Huyu mtoto ana mwili wa nguo." Mama akafurahi, akidhani ni sifa. Wiki iliyofuata sikurudi shule.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka msumari wa baba. Kila asubuhi tulitembea pamoja mpaka mjini, yeye mbele, mimi nyuma. Nikifika navaa gauni la siku hiyo, nasimama. Kukaa kulikatazwa kwa sababu kitambaa kingekunjamana. Kula kulikatazwa kwa sababu ya mafuta ya mikono. Mama alinifungia viazi vitamu, na viazi vile vilikaa kwenye kona ya stoo mpaka jioni, nikavila njiani vikiwa vimekauka. Watoto wenzangu waliopita pale walidhani nimekuwa tajiri. Mmoja tuliyekuwa tukichunga naye ndama aliniita twende kwenye majabali tukateleze, nami nikamwambia siwezi. Akaniambia naringa. Hakuniita tena.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa kuwa watu wakisikia habari yangu huanza kumlaumu yeye. Siku moja mtoto wa mteja alinishika kiunoni kwa mikono yenye mafuta, nikiwa nimevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Alama za vidole zikabaki pale. Baba alifoka, lakini mwenye duka alitoka ndani, akaangalia, akatikisa mkono.

"Fundi, hii mpe mtoto. Kila siku yeye nasimama, hata moja hana."

Nilirudi nyumbani nimelivaa. Njia nzima nilitembea nikiwa nimelishika pindo ili miiba isiliguse. Nyumbani mama alipiga vigelegele, majirani wakaja kuona. Niliomba nilale nalo, mama akakubali.

Nilipoamka sikuwa nalo mwilini. Baba alikuwa amelitoa nikiwa usingizini. Nilimkuta uani, amekwisha kulifua kwa sabuni na majivu mpaka alama za vidole zimetoka, anapuliza pasi ya mkaa ili alinyooshe.

Mama alikuwa amesimama mbele yake. "Mwenye duka kampa mtoto. Wewe baba yake unampokonya?"

"Sikumpokonya. Nimelisafisha," baba akajibu bila kuinua uso. "Gauni likikaa humu ndani nani ataliona? Ng'ombe?"

"Mwanao ataliona."

"Mwanangu huvaa gauni jipya kila siku. Kuna mtoto gani mwingine hapa Mwankoko anayevaa gauni jipya kila siku?"

Siku ile ile liliuzwa, tena kutoka mwilini mwangu. Baba alimwambia mwenye duka kwamba mimi nimelikataa, kwamba nataka la rangi nyingine. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia. Mwenye duka akacheka, akasema watoto wa kike ndivyo walivyo.

Jioni mama alifungua kapu lake akatoa kaniki yake ya zamani, ile aliyonibebea mgongoni nilipokuwa mchanga. Ilikuwa imefuliwa mpaka weusi wake umekuwa kama majivu, na ilikuwa laini kama sikio la ndama. Ilinuka moshi na samli. "Hii hakuna atakayeitaka," akaniambia. "Basi ni yako." Nilijifunga, nikakaa chini kwenye vumbi miguu nimeinyoosha, nikala ugali na mlenda kwa mikono yote miwili. Tangu siku hiyo, nilipovuliwa gauni jioni, nilikuwa naikimbilia kaniki ile nyuma ya mlango kama mtu aliyekuwa majini anavyotafuta hewa.

Miaka ilipita nikawa mwanamwali, na baba akaacha kushona magauni ya watoto. Sasa nilisimama na magauni ya wanawake, yaliyobana kiunoni na kifuani. Wanaume waliokuwa hawana haja ya nguo walianza kusimama pale barazani. Walimwuliza baba maswali ya kipuuzi kuhusu vifungo huku wananitazama mimi. Baba alijua. Nilimwona akijua. Aliinama kwenye cherehani yake akaendelea kukanyaga.

Siku niliyoumia kuliko zote alikuja mke wa karani wa boma na wenzake wawili. Alipenda gauni la kijani nililovaa. Nilikuwa nimesimama nalo tangu asubuhi kwenye jua la Oktoba. Nilipolivua akaletewa, alilikunja, akalipeleka kwapa la gauni puani mwake, akanusa.

"Fundi, hili lina jasho," akasema kwa sauti. "Wewe unatuuzia nguo kuukuu za binti yako?"

Wenzake wakacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimejifunga kaniki yangu, na nilidhani baba atasema neno kwa ajili yangu. Ningeridhika hata angenyamaza. Aliniita nje. Nilipofika mbele yao akaniambia, "Mara ngapi nimekuambia uoge kabla ya kuja kazini?" Kisha akamgeukia mama yule akainamisha kichwa. "Samahani sana, mama. Nitakushonea lingine, hili jitu halitaligusa."

Jitu. Ndivyo alivyoniita mbele ya watu, mtu aliyenizaa. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama. Alilia, lakini hakuwa na la kufanya. Kesho yake nilioga alfajiri, kwenye baridi, nikaenda nikasimama.

Aliponichumbia kijana mmoja aliyekuwa kibarua wa reli kituo cha Manyoni, nilimkubali upesi. Sikumjua vizuri. Nilijua tu kwamba Manyoni ni mbali na baraza ile. Baba hakupinga. Alisema atanishonea gauni la harusi kwa mkono wake, na kweli alilishona: jeupe, la kitambaa cha kung'aa, na shela ndefu. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Alipokuwa ananipima, aliniambia, "Hili ni lako, mama." Alikuwa hajawahi kuniita mama. Nikaamini.

Tulifunga ndoa kanisani misheni. Tukarudi nyumbani kwa nyimbo, wageni wakaketi, ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa. Kabla chakula hakijapakuliwa, baba aliniita chumbani. Alikuwapo mwanamke nisiyemjua, amekaa kwenye kitanda cha mama.

"Huyu ametoka Iramba," baba akasema. "Binti yake anaolewa Jumamosi. Amelipenda gauni lako tangu kanisani. Vua haraka, lori lao linaondoka."

"Baba, wageni bado wako nje."

"Wamekwisha kukuona nalo. Kanisani umekwisha kupita. Unalitakia nini tena?"

Nilivua. Mwanamke yule hakunitazama usoni, nadhani aliona aibu. Nilitoka kuwakabili wakwe zangu nikiwa na kaniki ya mama, na juu yake kanga aliyoniazima shangazi. Nilisikia minong'ono kwenye mkeka wa kina mama wa upande wa mume wangu. Mmoja wao aliuliza kama bibi harusi amefiwa.

Mume wangu alikuwa mtu mwema kwa kadiri alivyoelewa mambo. Alipopata mshahara baada ya harusi alinipeleka dukani pale Manyoni. Alitaka kufuta aibu ile. Mwenye duka alivuta kitambaa akakitandaza begani mwangu ili mume wangu aone rangi. Nilikitupa kitambaa juu ya meza nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye reli nikakaa chini. Mume wangu alinifuata kwa hasira.

"Umenidhalilisha mbele ya watu. Mwanamke gani asiyetaka nguo?"

Nilimweleza yote, tangu gauni la maua mekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Kumbe umevaa magauni mengi kuliko wake wa machifu, na bado unalalamika!"

Sikumweleza tena jambo lolote zito. Tuliishi, tukazaa, nikampikia, nikamfulia. Lakini kwenye kota za reli nilijulikana kama mke wa kibarua anayevaa matambara, na yeye alijulikana kama mume asiyemvika mkewe. Jambo hilo lilimla polepole. Kila sikukuu tuligombana. Alileta nguo, nikaziweka sandukuni, zikaliwa na mende.

Binti yetu wa kwanza alikuwa wa miaka mitano hivi baba alipokuja kututembelea. Alikuwa ameachana na mwenye duka wa Singida na kupata cherehani yake mwenyewe. Macho yalikuwa yameanza kumpungukia. Nilimsalimia shikamoo, nikamwandalia maji ya kuoga na kuku. Alikuja na furushi kubwa, na mume wangu akadhani ni zawadi.

Baada ya kula alilifungua. Yalikuwa magauni, ya wakubwa na wadogo.

"Hapa kota kuna wanawake wengi wenye waume wa mshahara," akasema. "Vaa hili, mwanangu, usimame pale bombani wanapochota maji. Jioni hii tu."

"Sivai, baba."

"Mkwe wangu, mwambie mkeo."

Mume wangu akasema, "Mke wangu, ni baba yako. Kesho anaondoka. Jambo dogo tu."

Nilikataa, nikaenda jikoni. Niliporudi binti yangu alikuwa katikati ya chumba, amevaa gauni dogo la njano lenye mikono ya puto, anajizungusha, anacheka. Babu yake alikuwa amepiga magoti, mdomo umejaa pini, anampima pindo. Alimshika mabega akamwelekeza mlangoni, kwenye mwanga. "Simama wima, mama," akamwambia.

Nilimvua mtoto pale pale. Nilimvua vibaya, mkono mmoja wa gauni ukachanika. Mtoto akapiga kelele kama aliyeungua, akaning'ata mkono, akamkimbilia babu yake. Baba alilichukua gauni, akautazama mchaniko karibu sana na macho yake.

"Umeniharibia kazi," akasema.

"Wewe uliniharibia nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua, kisha akachomoa sindano kwenye kola yake, akajaribu kutunga uzi, ukamshinda. Mume wangu akamtungia. Alishona mchaniko ule akiwa ameketi mlangoni kwangu, na asubuhi akapanda lori la Singida na furushi lake. Sikumsindikiza. Hatukuonana tena, alikufa wakati wa masika, barabara ikiwa imekatika, na habari zilinifikia wakiwa wamekwisha kuzika.

Binti yangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Akiwasimulia habari za babu yake, huwaambia kwamba alikuwa mzee mkarimu, aliyemletea gauni la njano kutoka mbali, na kwamba mama yake alimvua kwa wivu. Mimi huwa nipo, nachagua mchele au napembua mtama. Wajukuu hunitazama. Nimewahi kufungua mdomo mara moja, nikakumbuka kicheko cha mume wangu kule relini, nikaendelea na kazi yangu.