Maziwa Yenye Harufu ya Moshi

Kabla sijamwona mtu, nilisikia madumu yakigongana nyuma ya mlango wa jiko. Kampuni yetu ya mikahawa ilikuwa imeniahidi ukurugenzi wa kanda nzima, mradi siku hiyo nikubaliane na akina mama wauza maziwa ya ngamia. Mkahawa wa Garissa usio na chai ya maziwa hayo, nani angeingia?

Jikoni nilimkuta Abdi, mpishi wetu, na mama mmoja aliyeketi kando ya madumu. Nikamdhania msaidizi mpya. Nilifungua dumu, nikaonja. Moshi mtupu.

"Abdi, nani ameunguza haya?"

"Bosi, ngoja kidogo."

"Ningoje mwenyekiti wa akina mama afike aone aibu hii?"

Nikalimwaga dumu zima kwenye sinki, taratibu, kama hakimu asomaye hukumu. Moyoni nilijipongeza kwa ulimi wangu uliosomea hoteli Nairobi.

Mama alitazama povu jeupe likizama.

"Walaal, ndugu yangu, hiyo moshi ni yangu," akasema. "Alfajiri nafukiza dumu na kuni nzuri, ndio maziwa isiharibike njiani. Hata mtoto ya hapa anajua."

Abdi aliinamisha kichwa. "Bosi, huyu ndiye mwenyekiti."

Nilianza kuomba radhi, lakini mama alikuwa ameshainuka.

"Maziwa ni riziki ya Mungu," akasema akijifunga mtandio. "Mtu anayemwaga, sisi hatumpi."

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.