Bustani ya Pasaka ya Mwalimu Wanza

Wanza aliteremka kituo cha Mwembe Tayari, Mombasa, akiwa msichana, ametoka Kitui kuja kumsaidia shangazi yake kuuza nguo. Nguo zilimshinda, lakini watoto hawakumshinda. Sasa kichwa kimeingia mvi, na bado anafundisha chekechea katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, jirani na Bondeni.

Mwaka huu, wiki ya kuelekea Pasaka, joto lilikuwa la kulevya. Panka ilizunguka polepole, kana kwamba nayo inasinzia. Watoto walikaa mkekani, wakajaza udongo kwenye sinia kuukuu. Kikombe kilicholazwa kikawa kaburi, jiwe la mviringo likawa mlango. Ndani wakalaza pamba iliyofungwa kitambaa cheupe, kuwa mwili wa Yesu. Pembeni wakapanda mchicha.

Bi Swabaha, jirani anayeoka keki, aliwaletea maganda ya mayai.

"Sabalkheri, mwalimu. Nimeyatoboa juu tu, wapate pa kupaka rangi."

Wakayapaka manjano na maji ya bitiruti, vidole vyote vikawa rangi moja.

Kila asubuhi Awino, ambaye nyanya yake alizikwa Siaya mwezi wa pili, alichutama mbele ya sinia na kutega sikio kwenye jiwe.

"Amelala," aliwaambia wenzake. "Msipige kelele."

Na darasa zima likanong'ona.

Siku ya kufunga shule, Wanza aliwahi kufika. Akaitoa pamba, akakikunja kitambaa, akalisogeza jiwe. Mchicha ulikuwa umechipua. Watoto walipoingia, Awino alitia mkono ndani ya kikombe.

"Hayumo."

"Hayumo, mwanangu. Amefufuka."

Wenzake wakapiga makofi, wakatoka mbio kutafuta mayai yaliyofichwa uani. Awino hakutoka.

"Mwalimu, na nyanya je? Nani atamsogezea jiwe?"

Mamake Wanza mwenyewe alizikwa Kitui siku ambazo yeye alikuwa hospitalini akijifungua. Hakuwahi kumtilia hata konzi ya mchanga. Akaketi mkekani.

"Hata mamangu yuko huko. Sijui atafunguliwa lini. Najua tu kwamba Yesu ameshapita mle ndani, na njia ya kutoka anaijua."

Awino akafikiri. "Basi tuwangoje," akasema, akamwegemea, akalala.

Adhana ya adhuhuri ikasikika ikija na upepo. Wanza hakujisogeza, ingawa mguu ulikufa ganzi. Kati ya macho na usingizi alimwona mamake akipita pembezoni mwa sinia, mdogo kama kidole, pindo la leso limelowa umande, akinyanyua majani kutazama chini yake. Hakuonekana kuwa na haraka.

Jumamosi Wanza alipanda basi kwenda Kitui. Kaburi lilikuwa limemezwa na nyasi. Akazing'oa kwa mikono, kisha akaketi, akamsimulia mamake habari za Mombasa tangu mwanzo, mpaka jua likapoa.